Fahamu: Kwa nini mshairi huogopwa Bunia?

Mei 2021, mikoa miwili ya mashariki mwa Kongo, Ituri, ambayo makao yake makuu ni Bunia, na Kivu Kaskazini, iliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, na raia aliyetuhumiwa makosa ya jinai aliweza kupelekwa mahakama ya kijeshi. Utunzi nao umefikishwa huko. Mwaka 2021 mahakama ya kijeshi mjini Beni, Kivu Kaskazini, ilimhukumu mwanamuziki Delcat Idengo miaka 10 jela kwa sababu ya nyimbo zake za kukemea mauaji ya raia. Aliachiwa baadaye, akakamatwa tena, na tarehe 13 Februari 2025 akauawa kwa risasi mjini Goma.

Wimbo hausubiri shule wala umeme. Abiria huubeba kichwani toka Beni hadi Bunia. Ndiyo nguvu yake, ndiyo hatari yake.

Kumfunga mtunzi si jambo jipya kwa Waswahili. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wake Kenya: Twendapi?, akatunga mashairi gerezani, akiandika kwenye karatasi za chooni. Diwani iliyotokana na mashairi hayo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973, na bado inasomwa.