Nusu Ekari, Mita Tatu: Kuchagua GPS ya Mkononi Boito

Mkulima wa Boito anayetaka kupanda chai kwenye nusu ekari huanza na hesabu ya miche. Kwa nafasi ya futi nne kwa futi mbili na nusu, ekari nzima huchukua mashina 4,356, kwa hiyo nusu yake ni kama 2,180. Akipima kipande hicho kwa GPS ya mkononi, na kila kona ikakosewa kwa mita tatu hivi, eneo linaweza kuzidi au kupungua kwa karibu asilimia kumi. Hiyo ni miche zaidi ya 200 iliyonunuliwa bure, au iliyokosekana siku ya kupanda mashimo yakiwa tayari. Kwenye shamba la ekari kumi, mita zile zile tatu huleta kosa la asilimia mbili tu.

Kwa hiyo anayeuliza ni GPS ipi iliyo bora lazima kwanza aeleze anataka kuifanyia nini. Katika wadi hii ya eneo bunge la Konoin, kaunti ya Bomet, kazi ni nyingi: kujua ukubwa wa chai inayopogolewa ili vibarua walipwe haki yao, kuweka alama za vituo vya majani na barabara za kuvifikia, kufuata njia ndani ya msitu wa Mau Kusini Magharibi, ambako mianzi na mabonde yenye kina humpoteza hata mwenyeji.

Kwa upimaji wa mashamba, kifaa hiki kina sifa njema kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Benki ya Dunia waliwahi kulinganisha njia tatu nchini Ethiopia, Nigeria na Tanzania: GPS ya mkononi, kamba na dira, na makisio ya wakulima wenyewe. GPS ilikaribiana sana na kamba na dira, na kazi ikaisha kwa muda mfupi zaidi. Makisio ya wakulima ndiyo yaliyopotoka, na wenye vipande vidogo walielekea kuvikuza. Hata hivyo, kwa robo au nusu ekari, mtu mwenye futi kamba ya mita 50 na mwenzake wa kuishika upande wa pili atapata jibu la uhakika zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Je, simu haitoshi? Mara nyingi inatosha. Wengi huamini kwamba GPS inahitaji bando, lakini sivyo. Satelaiti za Marekani, zinazozunguka kilomita 20,200 juu ya dunia, hutangaza mawimbi kwa kila mtu, na kifaa kazi yake ni kusikiliza tu. Mtandao wa simu husaidia kuharakisha mwanzo. Kifaa kisicho na mtandao, kikiwa kimekaa kabatini kwa miezi, kinaweza kuhitaji dakika 12 na nusu kupokea orodha nzima ya satelaiti, kwa hiyo kinafaa kuwashwa mahali pa wazi kabla ya safari kuanza. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huonyesha ramani bila intaneti, mradi ramani zenyewe zimepakuliwa mapema.

Simu hushindwa kwenye mvua na kwenye chaji. Ukanda huu wa chai haukauki, na kidole kilicholowa hakielewani na kioo cha simu. Kifaa chenye vitufe hubonyezwa hata kwa mkono wenye glavu. Vingi vya aina hiyo vina kiwango cha IPX7, maana yake vinaweza kuzama mita moja majini kwa nusu saa vikatoka salama. Tena vingine hutumia betri mbili za tochi, zile zinazouzwa dukani kijijini, na hilo ni jambo kubwa pale umeme unapopotea. Garmin eTrex 22x hukaa saa 25 kwa jozi moja. eTrex SE, ambayo kioo chake ni cha rangi moja na hakina ramani kamili, inatajwa na watengenezaji kufikia saa 168. Betri za bei ya chini kabisa hazifikii saa hizo. Afadhali za alikali, au za kuchajiwa, na aina yake ichaguliwe kwenye mipangilio ya kifaa ili kipimo cha chaji kisidanganye.

Halafu kuna suala la mbingu. Shamba la chai ni mahali pazuri mno pa kutumia GPS: meza ya chai, yaani uso wa juu wa mashina yaliyochumwa, haipiti kiuno, na anga yote iko wazi. Matatizo huanza kwenye mikaratusi, na huzidi kwenye mabonde ya mito kama Itare, ambako mawimbi hugonga miti na kingo kabla ya kufika. Kifaa hupima umbali kwa muda ambao wimbi limesafiri. Likipinda njiani, umbali huongezeka na alama husogea. Mvua na ukungu havizuii kitu, ila majani yaliyolowa juu ya kichwa husumbua. Dawa ya kwanza ni kuwa na satelaiti nyingi, na ndiyo sababu vifaa vya sasa husikiliza pia Glonass ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Dawa ya pili ni kupokea mawimbi ya masafa mawili, na hapa Afrika Mashariki ina sababu yake ya pekee. Karibu na ikweta, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka kuliko kwingine, hasa kuanzia jua linapozama hadi usiku wa manane, na zaidi miezi ya Machi na Septemba. Mawimbi ya satelaiti hucheleweshwa humo. Kifaa kinachopokea masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji wa kila moja na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Garmin GPSMAP 65s ni cha namna hiyo, nazo simu zilianza kupata uwezo huo mwaka 2018 kwa Xiaomi Mi 8. Anayeingia Mau mara kwa mara, au anayepima kwa ajili ya wengine, asibane senti hapa. Kwa anayetembea barabara za murram kati ya mashamba, ni gharama isiyo na lazima.

Dira nayo iangaliwe. Vifaa vya bei nafuu kama eTrex 10 havina dira ya elektroniki. Mshale wake huonyesha mwelekeo mtu anapotembea tu, na akisimama kwenye ukungu kutafakari, mshale hupoteza maana.

Kosa linaloumiza zaidi halitokani na kifaa. Ramani za Idara ya Upimaji Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, ilhali GPS huja kiwandani ikiwa imewekwa WGS 84. Mtu akisoma namba kwenye kioo na kuziweka kwenye ramani ya karatasi bila kubadilisha mpangilio, atakosea kwa mita zipatazo 300. Boito, mita 300 zinaweza kukuvusha mto na kukuweka kwenye kilima kingine. Kifaa kisicho na Arc 1960 kwenye orodha yake hakifai kwa anayetumia ramani hizo. Ukanda wa gridi ya ramani wa kuchagua hapa ni 36 kusini.

Wanaonunua vya mitumba wawe waangalifu na tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 6, 2019. Vifaa vya zamani visivyosasishwa programu vilirudi nyuma karibu miaka 20, na kumbukumbu za safari zikachanganyika. Kiwashwe mbele ya muuzaji, nje ya duka, hadi kipate mahali na tarehe ya leo.

Kazi moja ambayo hakuna kifaa cha mkononi kinachoiweza ni kuamua mpaka. Majirani wawili wakizozana juu ya safu mbili za chai, wanagombania mita mbili, ambazo ni ndogo kuliko kosa la kifaa chenyewe. Isitoshe, kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipowekwa rasmi na kuandikwa kwenye rejista. Kwa mipaka hiyo ya makadirio, mahakama haisikilizi kesi kabla msajili wa ardhi hajaamua ulipo mpaka. Savea atakayefika naye huja na mitambo inayosaidiwa na kituo cha pili kilichosimikwa ardhini, yenye usahihi wa sentimita. Kinachoweza kufanywa kwa GPS ya mkononi kabla ya siku hiyo ni kuweka alama ya kila jiwe la mpaka linaloonekana bado, na kuihifadhi, ili likifunikwa na magugu au kung'olewa pawe na pa kuanzia kulitafuta.