Plagi za pikapu: Zisome kabla ya kuzitupa

Na Mwandishi Wetu, Gisenyi

PIKAPU inayozimika kwenye foleni ya Grande Barrière haimtii hasara dereva peke yake. Maziwa, nyanya na sambaza wa Ziwa Kivu havimsubiri fundi. Mwenye mali hulazimika kukodi gari jingine au kuwalipa wabebaji, na faida ya siku huishia hapo. Wakati mwingine chanzo cha yote hayo ni kifaa kidogo kisichozidi urefu wa kidole, ambacho mwenye gari angeweza kukibadilisha mwenyewe nyumbani kwake.

Kifaa hicho ni plagi. Waliorudi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanakijua kwa jina hilo, wakati waliokulia Goma na Bukavu wanakiita bujii. Kazi yake ni kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Cheche ikiwa dhaifu, injini humisi, gari hukosa nguvu mlimani, petroli huliwa ovyo na moshi huwa mweusi. Moshi huo unaweza pia kumkwamisha mwenye gari kwenye ukaguzi wa magari.

Kwanza ijue injini yako

Pikapu nyingi zinazopita mpakani hapa ni za dizeli, au mazutu kama wengi wanavyosema. Injini ya dizeli, kama ile ya 1HZ ya Land Cruiser, haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Plagi zake ni za kupasha joto tu, na hufanya kazi wakati wa kuwasha gari, hasa asubuhi za baridi kama zile za Musanze. Kwa hiyo ukienda dukani kuomba "bujii" bila kutaja aina ya injini, unaweza kuuziwa kitu tofauti kabisa.

Makala haya yanahusu magari ya petroli, yaani esansi. Hilux za zamani zenye injini ya 22R zina plagi nne, na nyaya zake hutoka kwenye distribiuta. Pikapu zenye nguvu zaidi, kama Hilux na Land Cruiser za V6 ya lita 4.0, zina plagi sita, na kila plagi ina koili yake juu. Kanuni ni ile ile, ila kwenye V6 nafasi ni finyu na uvumilivu unahitajika zaidi.

Vifaa na maandalizi

Unahitaji spana ya boksi ya plagi (nyingi ni za milimita 16 au 21), racheti na ekstensheni yake, fila geji ya kupimia mwanya, kitambaa safi, na kipande cha mpira wa petroli cha urefu wa shibiri moja.

Zima gari na uliache lipoe kabisa. Hili si jambo la kupuuza. Silinda hedi za injini za petroli tulizozitaja hapo juu ni za aluminiamu, na kufungua plagi zikiwa za moto kunaweza kung'oa nyuzi za tundu. Nyuzi zikiharibika, kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku kadhaa gereji.

Jambo la pili linawahusu hasa wanaoingia na kutoka Goma. Vumbi la kule ni la mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga lava ndani ya mji mwaka 2002, ikalipuka tena mwaka 2021. Chembe hizo ni ngumu na hujikusanya kuzunguka plagi. Ukifungua plagi bila kusafisha, zinaweza kudondokea ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake. Legeza plagi kidogo, puliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, kisha ndipo uitoe.

Fungua moja moja

Usichomoe nyaya zote kwa pamoja. Injini ya 22R huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na nyaya zikichanganywa injini itamisi, italipua kwenye eksozi au haitawaka kabisa. Shika kofia ya waya, usivute waya wenyewe. Kwenye V6, chomoa soketi ya umeme ya koili, fungua bolti yake, kisha ivute koili taratibu.

Zipange plagi kuukuu juu ya kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanazitupa mara moja na kufunga mpya, wakati plagi hizo ndizo zinazoeleza hali ya ndani ya injini bila kumlipa mtu.

Rangi zinasema nini

Ncha ikiwa ya kahawia hafifu au kijivu, injini inaunguza vizuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na ina utelezi wa oili, ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya haitaponya ugonjwa huo. Ikiwa nyeupe kama chokaa au imeanza kuyeyuka, silinda inapata joto kupita kiasi. Ikiwa imelowa petroli, cheche haikufika.

Zilinganishe pia. Plagi moja ikiwa na rangi tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo au kwenye waya wake. Zote zikiwa nyeusi, angalia mambo yanayozihusu zote, kuanzia eakilina iliyoziba kwa vumbi hadi kabureta.

Kwa Gisenyi ipo sababu nyingine ya weusi huo. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Ukipanda hadi Mukamira, njiani kwenda Kigali, unavuka mita 2,000. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likiletwa huku hupata hewa kidogo kwa petroli ile ile, na plagi hujaa masizi. Aliyerudi na gari la namna hiyo anaweza kununua plagi kila mwezi bila nafuu, kumbe kinachohitajika ni fundi kurekebisha kabureta. Magari yanayopuliza petroli kwa kompyuta hujirekebisha yenyewe.

Kununua bila kulaghaiwa

Nenda dukani na plagi kuukuu mkononi, ukihakikisha kwanza kwenye kitabu cha gari kwamba ndiyo sahihi. Namba zilizoandikwa juu yake si mapambo. Kwa NGK na Denso, namba ya joto ikiwa kubwa plagi hiyo hupoa haraka zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Herufi na namba za mwisho mara nyingi hutaja mwanya: "11" kwenye plagi nyingi za Kijapani ni milimita 1.1.

Plagi bandia zipo katika masoko mengi. Chunguza maandishi kama yamechapwa vizuri, na kama ncha ya kati imekaa sawasawa. Jaribu pia ile washa kwenye nyuzi: kwa plagi halisi haitoki kirahisi kwa vidole.

Kufunga

Pima mwanya kwa fila geji, ukifuata kitabu cha gari. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba inayovunjika kirahisi, hivyo usizigongegonge. Chomeka plagi mpya kwenye kile kipande cha mpira na uanze kuizungusha kwa vidole. Ikienda mshazari, mpira utateleza kabla nyuzi hazijaharibika. Usianze na racheti hata siku moja.

Plagi ikishagota, plagi mpya ya milimita 14 yenye washa hukazwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili tu. Ile isiyo na washa, yenye kitako cha mshazari, inatosha kama moja ya kumi na sita ya mzunguko. Nguvu za ziada hazisaidii kitu. Rudisha waya au koili yake, kisha hamia silinda inayofuata.

Ukimaliza, washa gari na usikilize. Injini inapaswa kutulia bila kutikisika. Ikiendelea kumisi, kagua nyaya kwanza kabla ya kulaumu plagi.

Wenye pikapu za V6 wajue pia kwamba plagi mpya, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani, haiongezi nguvu ambayo injini haikuwa nayo. Inarudisha ile iliyopotea tu. Plagi za kawaida huhitaji kubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000, na za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Kwa anayepanda mlima na mzigo kila siku, ni busara kuzifungua na kuzisoma kabla ya muda huo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na zile kuukuu ambazo bado ni nzima, zisafishe, zifunge kwenye kitambaa na uziweke garini pamoja na spana yake. Siku moja ikifa katikati ya foleni, utaweza kuvuka na mzigo wako.