Mashua ya Yatima Yapanda Bonde la Ufa

Wahenga walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini wahenga hao, Mwenyezi Mungu awarehemu, hawakutwambia chombo chenyewe kikipakiwa katika lori kikapelekwa bara, marejeo yake huwa wapi. Swali hilo nimekuwa nalo tangu Januari 2019, nilipohamishwa kazi kutoka Mombasa kwenda Nakuru, na leo napenda kulieleza mbele ya wasomaji, kwani huenda yuko mwenzangu anayefunga virago naye ana amana ya watu mkononi.

Mashua niisemayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, aliyefariki mwaka 2017 akaacha watoto wawili, mvulana na msichana, ambao mama yao alikuwa amekwisha tangulia. Mirathi ilipogawanywa, mashua ikawa mali ya watoto hao, mafungu mawili ya mvulana na fungu moja la msichana, nami nikawa mlezi wao. Ni mashua ndogo ya futi 17, kazi ya mafundi wa Matondoni kule Lamu, na ubavuni imeandikwa jina lake, Tawakkal.

Habari ya kuhama ilipoenea, kila aliyenipenda alinishauri niiuze. Mnunuzi mmoja alikuja akatoa bei ya kuni. Nikaenda kwa sheikh aliyenisomesha chuoni, nikamuuliza. Hakunipa jibu refu. Alisema, "Mali ya yatima usiisogelee ila kwa lililo bora kwao. Nenda kawaulize." Nikawauliza. Msichana, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alinyamaza. Mvulana wa miaka kumi na miwili akasema, "Ami, ukiiuza, sisi hatuna tena kitu cha baba cha kushika." Nikajua mashua itakwenda Nakuru, na nauli nikaitoa mfukoni mwangu, si katika mali yao.

Sasa msomaji jifunze nilivyojifunza mimi. Fundi mmoja mzee alikuja kusimamia upakiaji, akakataa mashua isilazwe ubavu wala isikalie mkuku peke yake. Tukaiwekea magunia ya makumbi chini na pande zote mbili, yakiegemea pale yalipo mataruma, maana ubao ulio baina ya taruma na taruma ukigandamizwa njia nzima hupinda. Kamba nazo zikapita juu ya mataruma. Mlingoti, foromali na usukani vikafungwa mbali, na tanga likakunjwa likiwa kavu. Ndani ya mashua hakuruhusu hata sufuria moja. Kizibo cha chini akakitoa, ili mvua ikinyesha maji yapate pa kutokea. Mwisho akaifunika kwa magunia yaliyoroweshwa maji, akaniambia, "Kila mkisimama, tia maji. Chombo kikikauka kimekufa."

Tuliondoka baada ya sala ya Isha. Dereva alikuwa mwenyeji wa Nakuru, mtu mcheshi, akaniuliza, "Mzee, hiyo utaiweka wapi? Ziwa letu ni la heroe." Alisema kweli. Ziwa Nakuru ni maji ya magadi, nalo limo ndani ya mbuga ya taifa tangu miaka ya 1960, si mahali pa mtu kushusha mashua yake. Elementaita nako ni magadi. Katika maziwa ya Bonde la Ufa upande ule, yenye maji matamu ni Naivasha na Baringo. Nilikuwa na nia ya Naivasha, lakini nilikuwa sijapata pa kuiweka.

Mariakani tukapimwa uzani, alfajiri tukasali Mtito Andei, na kila kituo mvulana alipanda na ndoo kumwagia magunia maji. Watu walikusanyika kutazama. Baada ya Nairobi tukashuka mteremko wa Mai Mahiu, tukapita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliano mwaka 1942, breki za lori zikinuka moto, na mimi nikimtaja Mola kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo.

Hapo nikawasimulia watoto kwamba sisi si wa kwanza kupitisha chombo bara. Meli William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa, na kutoka hapo vipande vile vikavushwa nchi hii yote hadi Ziwa Victoria, vingi vikiwa juu ya vichwa vya wapagazi. Ilishushwa majini mwaka 1900, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Msichana akauliza kama wapagazi walipewa nafasi ya kuipanda. Sikuwa na la kumjibu.

Tulifika Nakuru salama, mashua haina hata mkwaruzo, nikamshukuru Mungu na kujisifu moyoni. Kumbe kosa lilikuwa mbele. Tuliishusha uani, nami nikashikwa na kazi mpya, na nyumba, na shule za watoto. Ule ni mji ulio juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Januari hadi Machi ni ya jua kali na upepo mkavu wa vumbi. Magunia yakakauka, hakuna aliyeyatia maji. Siku moja mwezi wa Machi mvulana aliniita. "Ami, njoo uone." Nikaona mwangaza wa jua ukipita baina ya mbao. Pamba ya kalafati ilikuwa imelegea ikining'inia kama nyuzi za nguo kuukuu, na mahali pengine ncha ya kidole ilipenya.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka onyo la Kitabu kwa wanaokula mali ya yatima. Mimi sikuila kwa meno, lakini niliiacha ikaliwa na jua, na sikuona tofauti kubwa.

Asubuhi nikampigia simu yule fundi mzee. Nilitaka kununua pamba nikalafati mara moja. Akanikemea, "Usithubutu! Ukishindilia pamba katika mbao zilizokauka, zitakapovimba zitasukumana, na ama ubao upasuke ama misumari ing'oke. Inyweshe kwanza." Basi tukainywesha. Tukaifunika magunia nje na ndani, tukatia maji kidogo kidogo asubuhi na jioni. Majirani walicheka sana. Mmoja aliuliza, "Nyinyi watu wa pwani, si maji huwa nje ya mashua?" Watoto nao wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka pamoja tangu msiba.

Ilichukua wiki nyingi. Mianya ikapungua siku baada ya siku. Fundi akaja kwa basi na patasi zake, na pamba, na kopo la sifa lililofungwa mara tatu, na bado abiria walilalamika kwa harufu ya mafuta yale ya papa. Akakalafati kwa mkono mwepesi, mvulana akishika nyundo, na msichana akisokota pamba. Hakukubali ujira ila nauli na chakula, kwa sababu, alisema, mwenye mashua ni yatima.

Desemba 2019 tukaipeleka Naivasha. Siku nne tuliiacha imezama katika maji haba, ndipo tukaikumba ikaelea. Fundi alikuwa ametuonya kwamba maji matamu si maji ya chumvi: chombo hukaa chini zaidi, na mbao huoza upesi. Pepo zake nazo si kusi wala kaskazi tuzijuazo. Asubuhi ziwa hutulia, mchana upepo huvuma ghafla, na viboko wamo, kwa hivyo sheria yetu ilikuwa kurudi kabla ya adhuhuri.

Mwaka 2020 ziwa lilifura, maji yakaingia mtaa wa Kihoto, watu wakahama na vitu vyao. Mvulana akaniomba ruhusa ya kubebea watu magodoro na vyombo. Nikamwambia, "Mwanangu, mashua ni yenu, muulize na nduguyo." Msichana alikubali kwa sharti moja, nauli isitozwe kwa mtu aliyefukuzwa na maji. Siku kadhaa ile mashua iliyohamishwa kwa lori ikawa inahamisha wengine, nami nimekaa tezi nikishika usukani, nikijiona mtumishi wa watoto wawili.

Mwaka 2025 mvulana alitimiza miaka kumi na minane. Nikaita mashahidi ufukweni, majirani wawili wa msikitini, na yule dereva wa lori akaja kwa mapenzi yake. Mbele yao nikamkabidhi mvulana fungu lake, nikasema fungu la dada yake bado liko mkononi mwangu mpaka wakati wake, nikaeleza na kosa langu la Machi 2019, ili lisifichike. Nikaomba radhi. Mvulana akainama akanibusu mkono.

Dereva akauliza kama siku moja chombo kitarudi pwani. Mvulana alisema atafurahi kikionja tena chumvi. Msichana, ambaye alinyamaza nilipouliza mara ya kwanza kule Mombasa, safari hii hakunyamaza.

"Kikirudi, Ami," alisema, "kazi ya kutia maji nitaishika mimi."