Mzee Naye Atembee: Gede kwa Matatu

Muulize mama wa miaka 70 pale Majengo au Kibokoni mara ya mwisho alitoka mjini lini. Aghalabu atakutajia maziko au hospitali. Kutembea kwa raha tumewaachia wageni kutoka Ulaya, ilhali magofu ya Gede, mji wa Waswahili waliotutangulia, yako kilomita 100 hivi kutoka Mombasa.

Kinachowazuia wazee si nauli peke yake. Ni choo. Wengi, hasa wenye kisukari na wanaomeza dawa za presha, huogopa kubanwa njiani, basi hujinyima maji tangu alfajiri. Wakifika, jua limepanda na kichwa kinazunguka, na watoto wanasema, "Si tulikwambia ukae nyumbani?" Kwa hivyo tupange choo kwanza, magofu baadaye.

Ushauri wangu ni kuikata safari vipande viwili. Msipande matatu ya Malindi moja kwa moja. Pandeni ya Kilifi, kilomita 60 hivi, mshuke, mtafute hoteli yenye choo safi, mnywe chai kwa mahamri, mzee anyooshe miguu. Kisha mchukue nyingine hadi Gede. Mtachelewa, lakini nani anawakimbiza? Mwenye vidonge vya kuongeza mkojo amuulize daktari mapema avimeze saa ngapi siku hiyo, asiviache kwa kujiamulia.

Kiti nacho kina hesabu yake. Katika matatu ya abiria 14, kiti cha mbele kina nafasi ya miguu lakini kukipanda ni kazi kwa mwenye magoti mabovu. Cha nyuma kabisa kataeni hata makanga akiapa, maana kila tuta huishia mgongoni. Chagueni mstari ulio karibu na mlango, na mkijaaliwa lipieni kiti kimoja zaidi. Afadhali kungojea gari tupu lijae mkiwa mmeshakaa. Nauli ya Gede semezaneni kabla ya kuondoka, wengine hutoza ya Malindi. Nendeni katikati ya wiki, mbali na Idd na kufungwa kwa shule.

Mkishuka Gede pana jambo ambalo vijana hawalioni: matatu itokayo Mombasa huwaacha upande wa pili wa barabara kuu, na magofu yako upande wa baharini, njia ya Watamu. Magari yanakwenda kasi pale. Msivuke mbio na mzee. Kijana avuke peke yake, alete tuktuk iwachukue mlipo, iwafikishe hadi langoni.

Bebeni kitambulisho ili mlipe kiingilio cha raia, na pesa ziwe kwenye simu. Ndani kuna kivuli cha msitu, lakini mizizi imetambaa njiani, kwa hivyo viatu vya kufunga na fimbo, si kandambili. Ndizi zifichwe, kima wa Gede hawana haya. Si lazima kumaliza mji wote. Msikiti wa Jamia, jumba la mfalme na lile kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, vinatosha. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na mwonyesheni mzee vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba zile karne hizo. Sisi leo tunavitafuta njia nzima.

Adhuhuri na Alasiri msafiri anaweza kuzikusanya. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya siku yenyewe, si juani. Saa nane mchana iwakute mmeshatoka langoni, maana foleni ya Mtwapa jioni humchosha hata kijana. Kurudi, matatu za Mombasa husimama upande huo huo wa magofu, hamna haja ya kuvuka.