Keria Mpya Juu ya Gari: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wamiliki wengi wa magari kama Toyota Prado na Nissan X-Trail huondoa keria iliyokuja na gari kutoka kiwandani na kufunga nyingine, ama iliyonunuliwa dukani ama iliyochomelewa na fundi. Sababu yao inaeleweka: reli za kiwandani hazina sakafu ya kupangia mizigo. Hata hivyo, kosa dogo katika ununuzi huu laweza kuangusha mzigo barabarani au kulifanya gari lipinduke. Tunakushauri uzingatie mambo yafuatayo.

Uzito

Muuzaji anaweza kukuambia kuwa keria yake inabeba kilo 150. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli kuhusu keria, lakini paa la gari nalo lina kikomo chake, ambacho kwa kawaida huandikwa katika kitabu cha maelekezo ya gari. Kati ya kikomo cha paa, cha keria na cha vishikio vinavyoiunganisha na paa, fuata kilicho kidogo kuliko vyote. Aidha, uzito wa keria mpya nao ni sehemu ya mzigo.

Tuchukue mfano. Iwapo kikomo cha paa ni kilo 80 na keria ya chuma ina kilo 35, zinabaki kilo 45 tu. Madumu mawili ya maji ya lita 20 yanakaribia kuimaliza nafasi hiyo, na gunia la mahindi la kilo 100 halina nafasi kabisa. Keria ya alumini yenye kilo 20 ingekuachia kilo 60. Kwa hiyo, usilinganishe bei kabla ya kulinganisha uzito.

Kumbuka pia kwamba mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe zaidi kwenye kona. Vitu vizito viwekwe ndani na vyepesi juu.

Ufungaji

Keria inapaswa kushikwa na sehemu zilizoandaliwa na kiwanda: matundu ya bolti, reli au, kwa magari kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, mfereji wa mvua ulio pembeni mwa paa. Usikubali paa litobolewe matundu mapya. Matundu hayo hukaribisha maji na kutu, na katika baadhi ya magari mifuko ya hewa ya pembeni imefichwa kwenye kingo za paa.

Reli za zamani zikiondolewa, matundu yake yazibwe vizuri ili mvua isipenye hadi kwenye dari. Vitunze vipuri vyote vilivyoondolewa. Baada ya safari ya kwanza, kagua kama bolti zimelegea, kisha uzikague mara kwa mara, hasa ukipita barabara za vumbi.

Haki zako

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike mambo manne: aina na mwaka wa gari ambalo keria hiyo inalifaa, uzito wa keria, mzigo inaoweza kubeba, na muda wa dhamana. Ukimtumia fundi wa kuchomelea, andikianeni makubaliano hayo hayo. Dai risiti na uitunze.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Ikiwa keria haifanani na ulichoahidiwa, acha kuitumia, ipige picha, kisha umwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachodai. Asipokusikiliza, tuletee malalamiko yako pamoja na risiti, picha na nakala ya barua hiyo. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha; iliyoandikwa tunaweza kuisimamia.