Je, Wajua? Rumba Ilivuka Bahari Mara Mbili

Rumba ni muziki na ngoma iliyozaliwa Kuba katika karne ya 19, hasa katika miji ya Havana na Matanzas. Walioianzisha ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani pamoja na vizazi vyao, wengi wakiwa na asili ya Kongo na Afrika Magharibi. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886.

Rumba hupigwa kwa ngoma na klave, vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa ili kushika mapigo. Ina mitindo mitatu mikuu. Yambú huchezwa polepole na watu wawili. Guaguancó, pia ya wawili, ina kasi zaidi. Na columbia, kwa desturi, huchezwa na mwanamume mmoja mmoja.

Kisha muziki wa Kuba ukavuka bahari kurudi Afrika: kuanzia miaka ya 1930, santuri za Kuba ziliuzwa huko. Nyingi zilikuwa za son, mtindo mwingine wa Kuba, lakini zikaitwa rumba. Wanamuziki wa Kongo waliuhamishia muziki huo kwenye gitaa na kuuimba kwa Kilingala. African Jazz, bendi ya Joseph Kabasele, ilianzishwa 1953, na OK Jazz 1956.

Katika miaka ya 1970 baadhi ya wanamuziki wa Kongo walihamia Kenya. Super Mazembe ilifika Nairobi 1974, na Les Mangelepa ikaundwa huko 1976. Nyimbo zao za Kiswahili zilisikika redioni kote nchini.

UNESCO iliitambua rumba ya Kuba kuwa urithi wa binadamu mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021.