Koili Ikipata Joto, Gari Hukudanganya

Mwalimu aliyenifundisha alifu kwa kijiti alifariki Malindi mwezi wa Februari mwaka 2022, nami sikuwahi kumtia mchanga. Nilitoka Mombasa asubuhi nikiwa na wasaa wa kutosha, kwani maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri na safari yenyewe ni kilomita 120 hivi. Gari langu ni la mwaka 1970. Nilipokwisha kuvuka daraja la Kilifi likakohoa mara mbili, likazima. Nikangoja nusu saa chini ya mkanju. Likawaka, likaenda kama kwamba halikuwa na lolote. Matsangoni likazima tena. Nilipofika makaburini watu walikuwa wakinawa mikono.

Ndugu msomaji, gari lililokufa kabisa lina maradhi mepesi. Zito ni lile linalozima na kupona lenyewe, maana likifika kwa fundi halina dalili. Langu lilikuwa limenifanyia hayo mara tatu kabla ya msiba ule. Fundi wangu wa mjini alishikilia neno moja tu: petroli inachemka ndani ya paipu kwa joto la kaskazi. Akanifundisha kuifunika pampu kwa kitambaa cha maji. Nikafunika, likawaka, nikamsadiki. Kumbe lililoponya si kitambaa, ni ule muda wa kukaa.

Baada ya maziko nikampelekea mzee mmoja wa Kisauni.

"Sasa hivi linaumwa?" akaniuliza.

"La, Mzee. Sasa ni zima."

"Basi, Ustadhi, hapana la kutazama. Twende tukalichoshe."

Tukaenda Mtwapa saa sita za mchana, jua la utosi. Tulipokuwa tukirudi, karibu na Shanzu, likazima. Mzee akacheka, mimi nilikuwa nikitokwa na jasho.

Hakugusa petroli. Aliuchomoa ule waya mnene uendao katikati ya kofia ya distribyuta, akaushika kwa koleo yenye mpira, ncha ikiwa nusu sentimita kutoka kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche nzima ni ya buluu na hulia. Yetu ilikuwa nyekundu, dhaifu, mara ipo mara haipo. Lau ingekuwa nzima, hapo ndipo angeifuata petroli. Kwa taa ndogo akahakikisha umeme unafika kwenye koili, na kwamba pointi zinafunga na kufungua. Akabadilisha kondensa, kwani nayo ikiharibika huleta ugonjwa uo huo. Hali ni ile ile. Ndipo akaifunika koili yenyewe kwa kitambaa cha maji, akichunga yasifike kwenye kofia. Siku zote gari lilinidai nusu saa. Safari hii dakika tano zilitosha.

Ndani ya koili mna nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa chuma kimoja: mnene wa mizunguko mia chache, na mwembamba kama unywele, wa mizunguko maelfu. Pointi zikifunguka, umeme wa ule mnene hukatika ghafla, na volti 12 za betri huzaa zaidi ya 10,000 katika mwembamba. Kinachotenga mzunguko na mzunguko ni ngozi nyembamba ya rangi. Ikichakaa, joto likizidi, umeme huvujia humo humo ndani na plagi zikakosa riziki yake. Ikipoa, hushika tena. Tena mita yaweza kukwambia koili ni nzima, maana betri yake ndogo haina nguvu ya kuufichua mvujo huo.

Hata hivyo mita ya mzee ilifichua jingine. Ule waya mnene ulisoma omu 1.5, na gari langu lataka 3. Koili hiyo niliuziwa dukani mwaka uliotangulia, kumbe ni ya magari yenye waya wa pembeni wa kupunguza umeme. Langu halina. Ikawa inapitisha amperi 8 mahali pa 4.

"Ilikuwa yajipika yenyewe," mzee akasema.

Muuzaji hakuniuliza ni gari gani, nami sikujua kwamba kuna la kuulizwa.

Akafunga koili ya omu 3. Ijumaa iliyofuata nikaondoka Mombasa mara tu baada ya sala, makusudi, joto likiwa kali. Kilifi nikapita, Matsangoni nikapita. Alasiri ilinikuta kaburini kwa mwalimu, nikisoma Yasini.